SOMO: Tozo ya hewa ukaa kwenye nauli ya kontena la parachichi kwenda Ulaya

Kila msimu, kuanzia Rungwe hadi Njombe, naulizwa kama hii tozo kwenye ankara ya meli ni wizi. Si wizi. Naandika hapa, tusome wote.

1. Jua inakotoka. Tangu Januari 2024 Umoja wa Ulaya unazilipisha meli za ujazo wa tani 5,000 na zaidi kwa hewa ukaa zinayotoa. Meli ikiingia kutoka bandari ya nje, inalipia nusu ya hewa ya safari hiyo. Mdaiwa kisheria ni kampuni ya meli, nayo inakusukumia wewe kwa kila kontena.

2. Soma mkataba. Ukiuza FOB Dar es Salaam (bei yako inaishia mzigo ukipandishwa melini), nauli ni ya mnunuzi. Ukiuza CIF (bei yako ina bima na nauli hadi bandari ya mnunuzi), ni yako, tozo na yote.

3. Omba bei yenye kila tozo kwenye mstari wake. Hapa ndipo wengi wetu wanaumia. Wakala anataja nauli tupu, unapiga hesabu, unamwahidi mkulima bei ya kilo, kisha ankara inakuja na mstari usioujua. Faida imeisha na mkulima anataka hela yake. Muulize: tozo imo au haimo? Inafuata tarehe ya kuweka nafasi au ya kupakia? Ni ya kontena kavu au la baridi? La baridi hulipa zaidi, maana linakula umeme wa meli njia nzima. Kampuni nyingi hubadili kiwango kila robo mwaka, kwa hiyo bei ya Machi usiitumie Mei. Majibu yote yawe ya maandishi.

4. Weka nafasi, pakia.

MASWALI

Wa Tukuyu: Mkuu, kwa hiyo nalipa au silipi?
— Hatua ya 2.

Wa Mafinga: Wakala wangu kasema nisihangaike.
— Ankara ina jina lako, si lake. Mwambie aandike.

Mama Makambako: Kontena ni lile lile, mbona tozo inapanda?
— Umeuliza la maana, mama. Sheria iliingia kwa ngazi: hewa ya 2024 ililipiwa asilimia 40, ya 2025 asilimia 70, ya 2026 asilimia 100. Njia nayo ina sehemu yake: meli inayozunguka Rasi ya Tumaini Jema kuikwepa Bahari ya Shamu inachoma mafuta mengi zaidi.

Mama Makambako: Na mzigo ukihamishiwa meli nyingine Tanger Med, bandari ya Morocco, si safari inakatika hapo na tozo inapungua?
— Walishaliona hilo. Tanger Med na Port Said Mashariki ya Misri hazihesabiki kama kituo kwa meli za kontena, safari inahesabiwa toka bandari ya nyuma yake.

Wa Tukuyu: Nikipakia tunda likiwa na joto, kontena si litalipoza?
— Hapana. Kontena hutunza ubaridi uliopo. Poza tunda huku huku kabla ya kupakia.