Somo: Kulinganisha uzito na ugumu wa mshale wa kuwindia

Wengi hununua uti (fimbo ya mshale) kwa kufuata jedwali la kwenye boksi, wakaukata, wakafunga kichwa, ndipo wanaanza kuuliza kwa nini mshale unaruka huku mkia unayumba. Kazi hiyo imeanzia mwisho. Anza kuamua uzito, hasa uzito wa kichwa, kisha tafuta ugumu; msumeno uguse uti mwisho kabisa. Kila greni (kipimo kidogo cha uzito) unayoongeza mbele inaulainisha mshale, na kila kipande unachokata kinaufanya mgumu, kwa hiyo ukianza na ugumu utairudia kazi yote.

Andaa mizani inayosoma greni (gramu 1 ni greni 15.4), mizani ya kuning'iniza ya kupimia nguvu ya upinde, vichwa vya mazoezi vya greni 100, 125, 150 na 175, na gundi ya kuyeyushwa kwa moto.

Kwanza tuelewane kuhusu namba iliyo kwenye uti wa kaboni. Uti wa 500 ulilazwa juu ya vishikizo viwili vilivyoachana inchi 28, ukaning'inizwa uzito wa gramu 880 katikati, ukabonyea inchi 0.500. Wa 400 umebonyea inchi 0.400, maana yake ni mgumu zaidi. Namba ikishuka, ugumu unapanda. Lakini huo ni ugumu wa uti uliotulia. Ugwe ukiusukuma, mshale hujipinda kufuatana na urefu wake, kichwa chake na nguvu ya upinde, na huko kujipinda ndiko tunakokutafuta.

Hatua ya 1: Pima nguvu ya upinde pale unapouvutia wewe. Upinde ulioandikwa paundi 50 kwa inchi 28 si wa paundi 50 kwa mtu anayevuta inchi 26. Kwa rikavu (upinde ambao ncha za mikono yake zimepinda kuelekea mbele), kila inchi inabadilisha paundi 2 hadi 3 hivi.

Hatua ya 2: Panga uzito wote. Kwa rikavu na upinde mrefu, greni 9 hadi 10 kwa kila paundi ya nguvu ya upinde ni mahali pazuri pa kuanzia. Usishuke chini ya 8. Kwa kampaundi (upinde wenye magurudumu kwenye ncha) kikomo cha kawaida ni 5, ila fuata kijitabu cha upinde wako. Mshale mwepesi mno hauchukui nguvu yote ya upinde. Inayobaki inarudi kwenye mikono ya upinde, karibu sawa na kuachia ugwe bila mshale, na mikono hupasuka.

Kwa mawindo uzito una kazi nyingine. Mshale wa greni 350 unaokwenda mita 60 kwa sekunde una nishati ya jouli 41 hivi. Wa greni 500 unaokwenda mita 52 una jouli 44. Tofauti ni ndogo, lakini ule mzito una msukumo (uzito mara kasi) mkubwa kwa karibu robo nzima, na msukumo ndio unaoufanya uendelee kupenya baada ya kugusa ngozi na mbavu. Tena upinde unapiga kelele kidogo.

Hesabu ya mfano kwa paundi 50: uti wa inchi 29 wenye greni 9 kwa inchi ni 261, kichwa 150, kipachiko cha kichwa 20, noki ya nyuma (kipande chenye mwanya kinachoshika ugwe) 10, manyoya 9. Jumla 450, sawasawa greni 9 kwa paundi.

Hatua ya 3: Angalia uzito wa mbele. Sawazisha mshale uliokamilika juu ya ukingo wa futi. Pima kutoka mwanya wa noki hadi pale uliposimama, toa nusu ya urefu wa uti, gawanya kwa urefu wote, zidisha kwa 100. Uti wa inchi 29 uliosimama kwenye inchi 18.5 unatoa asilimia 13.8. Kati ya 10 na 15 unatosha kwa kuwinda.

Hatua ya 4: Noki kabla ya yote. Tundika mshale kwenye ugwe, uache uning'inie, kisha gonga ugwe kwa kidole. Udondoke kwa mguso mdogo. Ukigoma, noki imebana, na majibu yote utakayoyapata baada ya hapo ni ya uongo. Kwa rikavu weka alama ya noki kwenye ugwe kama nusu inchi juu ya usawa wa kiegemeo (pale mshale unapolala kwenye upinde), ukipima kwa pembe mraba na ugwe, halafu rekebisha.

Hatua ya 5: Jaribu mshale mtupu. Chukua mitatu yenye manyoya na miwili isiyo nayo. Ile mitupu izungushie utepe mkiani, ilingane uzito na yenye manyoya. Anza mita 5, kisha 10, kisha 18. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia na vidole: mitupu ikitua kushoto kwa kundi, ni migumu mno, ikitua kulia, ni laini mno. Soma mahali ilipotua, si ulalo wa mkia, kwa sababu shabaha yenyewe huupinda mshale. Ikitua juu au chini ya kundi, rudi kwenye alama ya noki kwanza.

Hatua ya 6: Rekebisha kitu kimoja kwa wakati. Ni mgumu? Ongeza greni 25 mbele, au punguza unene wa bamba la pembeni ambalo mshale unaegemea. Ni laini? Punguza kichwa, ongeza unene wa bamba, au kata uti upande wa mbele robo inchi tu, ujaribu tena. Kaboni hukatwa kwa gurudumu la kusagia, ukiwa umevaa barakoa. Kikata bomba huchana nyuzi zake. Ukibadilisha kichwa kilichogundishwa, pasha moto kichwa, kamwe si uti.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mshale mtupu leo unakwenda kulia, kesho kushoto. Nishike lipi?*
Usishike lolote bado. Uti haubadiliki usiku, unavyoachia ugwe ndivyo vinavyobadilika. Piga ukiwa hujachoka, raundi tano, uchukue wastani. Kisha paka chaki kwenye kiegemeo: ikifutika pale mkia unapopita, mshale unagonga upinde, na mshale unaogonga unaweza kukuonyesha kinyume cha ukweli.

*Natumia kampaundi na kifyatulio. Kushoto na kulia ni vilevile?*
Hapana. Bila vidole kwenye ugwe, kujipinda kwa pembeni ni kudogo, hivyo kushoto na kulia mara nyingi ni nafasi ya kiegemeo. Sogeza milimita moja au pungufu kabla ya kuulaumu uti.

*Vichwa vya kuwindia vinatua kushoto kwa vile vya mazoezi ingawa uzito ni mmoja.*
Zungusha mshale kwenye kiganja, ncha ikiwa chini. Kichwa kikitikisika, ukingo wa uti haukusawazishwa baada ya kukata, usugue kwa msasa. Kisipotikisika na upinde ni kampaundi, sogeza kiegemeo kulia kidogo kidogo mpaka makundi mawili yaungane. Visu vya mbele hukuza kila kosa ambalo manyoya yalikuwa yanalificha.

*Na mishale ya mbao, ndugu?*
Mbao hupimwa kwa uzito wa paundi 2 na vishikizo vya inchi 26. Gawanya 26 kwa inchi ilizobonyea: 0.52 ni daraja la paundi 50. Panga noki ili upande wenye mistari iliyonyooka na kubanana uelekee upinde. Huo ndio mgumu.

*Kaboni iliyopiga jiwe, bado inafaa?*
Ipinde taratibu mbali na uso, uizungushe huku ukipitisha kidole gumba. Ukisikia mlio wa kukatika au kuhisi ufa mwembamba kama unywele, ivunje vipande viwili mara moja ili isirudi kwenye podo.