SOMO: Kifurushi kinajengeka kwenye laptop, kwenye Raspberry Pi kinagoma

Swali hili linaulizwa kila wiki, kwa hiyo naliweka hapa lote. Wengi wetu Mwanza tunafungasha programu huria za maabara za shule kwa Debian (mfumo huria wa Linux), na vyanzo tunavyochukua vimebeba zana za kujengea za zamani sana.

1. `sudo apt install build-essential devscripts sbuild lintian`

2. Futa `debian/compat`, faili la zamani linalotaja kiwango cha debhelper (zana za kufungashia). Kwenye `Build-Depends` (orodha ya vinavyohitajika kujenga) weka `debhelper-compat (= 13)`. Ukiacha vyote viwili, debhelper inakataa.

3. Ondoa `dh-autoreconf`, `autotools-dev` na `--with autoreconf`. Tangu kiwango cha 10 cha debhelper, `dh` (amri yake kuu) inafanya kazi hiyo yenyewe.

4. `debian/rules`. Hapa twende taratibu. Ukikuta faili refu linaloita `./configure` (hati inayokagua mashine kabla ya kujenga) moja kwa moja, ujue hakuna kinachoifanya upya. `config.guess`, hati inayotambua aina ya mashine, ya kabla ya 2012 haiijui aarch64 (ARM ya biti 64), hivyo kwenye Pi ya biti 64 utapata `cannot guess build type; you must specify one`. Kwenye amd64 (laptop za kawaida) inapita kimya, ndiyo maana watu wanailaumu Pi. Chini ya `#!/usr/bin/make -f` bakiza `%:` na mstari wa `dh $@` unaoanza na Tab, SI nafasi. Mambo ya pekee yaende `override_dh_auto_configure`. Usibandike `--build=` kukwepa kosa: `config.sub`, inayohakiki jina la mashine, ya umri huohuo nayo itaikataa aarch64. Na `configure` mpya ikifia kwenye `syntax error near unexpected token` penye `PKG_CHECK_MODULES`, umesahau `pkgconf` kwenye `Build-Depends`. Makro imebaki vilevile bila kufumuliwa.

5. Jenga kwa `sbuild`, inayojenga kwenye mazingira safi. Laptop yako ina maktaba kibao zinazoficha upungufu wa `Build-Depends`.

6. Pitisha `lintian`, inayokagua makosa ya kifurushi.

MASWALI

Igoma: Mkuu nimefuata zote, imegoma. Msaada wa haraka.
Jibu: Imegoma wapi? Bandika mistari 30 ya mwisho ya logi.

Igoma: Inasema `Compatibility with CMake < 3.5 has been removed`. Nishushe CMake?
Jibu: Hapana. Hiyo ni CMake (zana nyingine ya kujengea) 4.0 ya 2025. Kwenye `CMakeLists.txt` andika `cmake_minimum_required(VERSION 3.5...3.31)`, kisha wapelekee kiraka wenye programu. Kwa dharura tu: `-DCMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM=3.5`.

Nyegezi: Samahani mkuu, `configure` si imekuja tayari? Kwa nini tuitengeneze tena?
Jibu: Swali zuri sana. Chanzo ni `configure.ac`, `configure` ni zao lake, maelfu ya mistari ambayo hakuna anayeisoma. Ukiifanya upya unajua imetoka wapi. Lakini usiishie hapo. Mwaka 2024, xz (programu ya kubana faili) 5.6.0 na 5.6.1 zilitoka na mlango wa siri, na kiungo chake kimoja kilikuwa `build-to-host.m4` (faili la makro za kutengenezea `configure`) iliyochezewa, ambayo ilikuwa kwenye faili la toleo lakini haimo kwenye git. Kutengeneza `configure` upya peke yake kusingeiondoa. Linganisha toleo na git kwa `diff -r`, na kila `.m4` iliyozidi ijieleze.

Ukerewe: Nje ya mada kidogo: sbuild inakula bando. Sisi tumeweka `apt-cacher-ng`, inayotunza vifurushi vilivyopakuliwa, kwenye mashine moja, bandari 3142, nyingine zote zinachota hapo.
Jibu: Safi sana. Anwani kwenye sources ziwe `http://`, maana za https haizitunzi. Usalama haupungui, apt inakagua sahihi yenyewe.