350 ya kabureta kwenye Silverado ya 2004: anza na gia boksi

Jirani yangu hapa Alabama, Marekani, alizamisha pikapu yake ya Chevrolet Silverado kwenye dimbwi la tope mpaka maji yakapita juu ya boneti. Injini yake ya lita 5.3 ikanywa maji, kompyuta nayo ikafa. Bandani kwao kulikuwa na injini ya Chevrolet 350 (inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7) ya kabureta, imefunikwa turubai tangu enzi za baba yake. Akaniuliza, fundi, hii inaingia? Inaingia. Ufundi nimejifunzia Morogoro chini ya mwembe, kwenye injini za Toyota 18R na Land Rover, kabureta haijawahi kunitisha. Kilichonitoa jasho ni gia boksi.

Kwanza sheria, tusije tukagombana baadaye. Marekani, gari la barabarani haliwekewi injini ya zamani kuliko gari lenyewe. Hili linakuwa la tope tu, na kwenye tope linapelekwa juu ya trela.

Sasa gia boksi. Ile ya Silverado, 4L60-E, hubadili gia kwa amri ya kompyuta. Kompyuta ikitoka, hiyo ni chuma chakavu. Tafuta gia boksi ya 700R4, isiyotumia kompyuta, kutoka pikapu ya Chevrolet K1500 ya 1988 hadi 1992 (za mwishoni ziliitwa 4L60, bila E), na uichukue pamoja na transfa yake (inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), NP241 ya kuvuta kwa mkono. Usidanganywe na transfa za kabla ya hapo kwa sababu ni bei poa: zinatoa propela ya mbele upande wa abiria, wakati difu ya mbele ya Silverado iko upande wa dereva. Propela utaipitisha wapi?

Kagua pia ile sahani yenye meno inayokaa kati ya injini na gia boksi. Katikati ya miaka ya 1980 General Motors walibadilisha sili ya nyuma ya krenki, na matundu ya bolti yakabadilika. Sahani ifuate umri wa injini.

Maunti za 350 hazilingani na za 5.3. Ning'iniza injini na gia boksi vikiwa vimeshafungwa pamoja, pima nafasi ya feni, sampu na propela, ndipo uchomelee. Pedeli ya mafuta ya 2004 hufanya kazi kwa umeme tu, haina kebo ya kuvuta kabureta. Nunua ya gari la zamani. Geji za dashibodi zote zitalala. Weka za pembeni, ya presha ya oili na ya joto, zisizotegemea umeme wa gari.

Petroli ndiyo huwachoma watu, wengine kwa moto kweli. Pampu ya ndani ya tangi inasukuma kwa presha ya psi 55 hadi 60. Kabureta inataka 5 hadi 7. Ukiiunganisha hivyohivyo, sindano ya floti, inayozuia petroli kuingia kwenye kabureta, haifungi, petroli inafurika juu ya manifodi yenye moto. Nilishusha tangi, nikatoa pampu, nikaacha bomba la kufyonzea, kisha nikatumia pampu ya kawaida inayokaa ubavuni mwa injini.

Distributa ya HEI (ya General Motors, yenye koili ya kuwasha cheche juu yake) inataka waya mmoja mnene wenye volti 12 kamili ufunguo ukiwa on. Toa plagi ya kwanza mbele upande wa dereva, ziba tundu kwa kidole, mwenzio azungushe krenki taratibu. Upepo ukikisukuma kidole, hapo pistoni inapanda kwenye kompresheni. Leta alama ya puli kwenye sifuri, rota iangalie waya namba 1. Kutoka hapo, panga waya za plagi kwa mwendo wa saa: 1-8-4-3-6-5-7-2. Ukifuata mpangilio wa injini iliyotoka, itapiga mabomu kwenye kabureta.

Halafu kuna kebo ya TV (throttle valve, si televisheni), inayotoka 700R4 kwenda kwenye mkono wa kabureta. Vijana wengi huidhani ni ya kushushia gia tu. Hiyo ndiyo inayoiambia gia boksi iongeze presha kiasi gani. Kanyaga mafuta hadi mwisho, kebo nayo iwe imefika mwisho wake, si kabla wala si baada. Niliwahi kuiacha ikilegea kwenye gari jingine, nikasema nitairekebisha kesho. Klachi za ndani ziliungua siku hiyohiyo, na gia boksi nikalipa mwenyewe.

Kwa ajili ya maji: grisi ya silikoni kwenye kila kofia ya plagi, silikoni kuzunguka kifuniko cha distributa, lakini acha kipaipu cha kupumulia kinachopanda juu, ukiziba kabisa unyevu unajifungia ndani. Vipumulio vya difu zote mbili, gia boksi na transfa navyo vipandishe kwa hozi mpaka juu ya dashibodi. Chujio la hewa la mviringo lililo wazi juu ya kabureta ni zuri kwa picha. Lipe bomba linalopanda hadi usawa wa paa.

Kila ukitoka topeni, vuta dipstiki za injini na gia boksi kabla hujawasha tena. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, usijaribu hata stata. Mwaga yote.