Wataalamu wa hisa wakibishana, wewe uliza makato kwanza

Wadau, mkisikiliza wataalamu wa uwekezaji wanavyobishana msihangaike sana na nani kashinda. Mwaka 2013 Nobel ya uchumi walipewa watu watatu, wawili kati yao Eugene Fama na Robert Shiller, sasa Fama anasema bei ya hisa ishameza habari zote zilizopo kwahiyo kulizidi soko akili ni kazi bure, Shiller yeye anasema bei zinaruka kupita kiasi sababu watu wana mihemko. Wamepingana kabisa, ila wakapewa tuzo moja haha. Lakini chukua hoja ya yeyote, hakuna inayokupa wewe na mimi sababu ya kununua na kuuza kila wiki.

Cha kukomaa nacho ni makato, yaani hela ambayo mfuko wa uwekezaji unakukata kila mwaka kwa kukusimamizia pesa zako. Milioni 1 ikikua 7% kwa mwaka, baada ya miaka 30 inakuwa kama milioni 7.6, mfuko ukikukata 2% kila mwaka unabaki na kama 4.3, na hapo soko halijakukosea kitu.

Halafu mtu akikushawishi ukope ili uwekeze, mtajie LTCM, mfuko wa uwekezaji wa Marekani. Ndani walikuwemo Merton na Scholes, wachumi wenye Nobel ya uchumi ya 1997, mwaka uliofuata mfuko ukayumba mpaka mabenki 14 yakachanga kama dola bilioni 3.6 kuuokoa, sababu mfuko wenyewe ulikuwa umekopa mno. Na hela ya ada ya shule ya Januari usiipeleke kwenye hisa kabisa.