Ndugu yako akifungwa Marekani, itumie sheria ya 2003

Mpwa wangu alipofungwa nilibaki kulia tu. Kumbe kuna sheria ya 2003 ya kukomesha ubakaji magerezani, na kanuni zake za 2012.

Mfungwa mpya huhojiwa ndani ya saa 72 ijulikane kama yuko hatarini. Mwambie asifiche kitu: ni kijana, mwembamba, kifungo cha kwanza, aliwahi kudhulumiwa. Majibu hayo ndiyo huangaliwa anapopangiwa chumba. Kiingereza hakijui? Adai mkalimani, asikubali kutafsiriwa na mfungwa mwenzake. Mpwa wangu mbele ya mwenzake alinyamaza kimya.

Akibakwa, asioge, asipige mswaki, asibadili nguo mpaka apimwe. Vipimo havilipiwi. Akiogopa kusema, ripoti wewe. Jamaa wa nje anaruhusiwa.