Kikao cha kutua mzigo kwa wanaofanya kazi za mabadiliko ya tabianchi

Anayeshinda na taarifa za mafuriko na ukame huanza kuchoka kimyakimya: mchangiaji mzuri ananyamaza vikaoni, ripoti nyepesi inachukua siku 3, usingizi unakatika. Kabla ya kuitisha kikao chochote, punguzeni kazi. Mtu aliyepigishwa zamu mfululizo akiitwa kikaoni ataona anabembelezwa ili abebeshwe zaidi, na atakuwa sahihi.

Kikao kiwe cha watu 6 hadi 8, dakika 60, kila baada ya wiki 2, ndani ya saa za kazi. Mwezeshaji asiwe bosi wa yeyote aliyepo, kwani mbele ya anayesaini likizo na mikataba, jibu ni lile lile: "Tuko sawa." Dakika 5 za mwanzo kubalianeni kwamba yanayosemwa hayatoki nje, muhtasari hauandikwi, na anayetaka kunyamaza anyamaze. Kisha ulizeni swali moja, kwa mfano, "Jambo gani la kazi limekuandama wiki hizi?" Kila mtu apewe dakika 4 bila kukatizwa. Dakika 15 zinazofuata chagueni jambo moja la kubadilisha: labda nani ampokee mwenzake kazi ya kuchambua picha za maafa. Zinazobaki ni za kutulia, ili mtu asirudi mezani machozi yakimlengalenga.

Kinachoharibu zaidi ni kukimbilia kufariji. Hofu ya mwenzako kuhusu mafuriko na ukame ina msingi. Ukisema "usijali, yatapita", mwenzako anajifunga. Mwambie, "Naona kwa nini linakusumbua," halafu subiri.

Maafa yakiwakumba wafanyakazi wenyewe, msiwakusanye wasimulie yaliyowapata. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo mara baada ya tukio la kutisha. Mwongozo wake wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia una hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Yaani usalama na mahitaji ya haraka kwanza. Kisha msikilize anayetaka kuongea. Kisha mfikishe kwenye msaada, malazi na habari za jamaa. Ruhusa ya siku kadhaa na mshahara wa mapema husaidia sana hapa.

Namba ya mshauri nasaha iwepo kabla haijahitajika. Anayetaja kujiua asiachwe peke yake, apelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Kila kikao kifunguliwe kwa kueleza lile jambo moja lililokubaliwa limefikia wapi. Likikwama mara mbili bila maelezo, viti vitaanza kubaki wazi.