Somo: uji wa ulezi wa kuchacha kwenye baridi ya Minneapolis, Marekani

Wadau habari zenu. Naona wengi desemba imewakaba, huku kwetu jua linazama saa kumi na nusu jioni, unaenda kazini giza unarudi giza, basi mi naleta dawa yangu, na siyo ule uji wa haraka haraka.

1. Unga. Usiagize nyumbani, nenda duka la Wahindi uliza unga wa ragi, ndo ulezi wenyewe huo. Mi mwaka wa kwanza nilimbebesha mtu kilo mbili toka Dar kumbe unauzwa mtaa wa pili, nilicheka peke yangu dukani.

2. Kuchachusha, na hapa ndo wengi wanafeli. Vikombe viwili vya unga, vitatu vya maji ya vuguvugu, koroga kwenye bakuli funika na kitambaa. Dar joto lenyewe linakufanyia kazi, ukilala ukiamka umeshaanza kuchacha, ila huku jikoni kwangu siku tatu ulikuwa unanitazama tu. Sasa weka kwenye oveni ILIYOZIMWA, washa taa yake ndogo ya ndani tu, kale kajoto kanatosha. Na bandika karatasi mlangoni, mume wangu aliwasha apashe pizza, bakuli la plastiki tulilikwangua mpaka saa sita usiku. Baada ya siku moja au mbili utaona mapovu na harufu kama ya mtindi. Ukiona ukungu mwaga wote, usikwangue juu ukajidanganya. Bakiza vijiko viwili kwenye friji, mara ijayo unatia humo na inachacha fasta.

3. Kupika. Chemsha maji vikombe sita, mimina huku unakoroga mwiko usipumzike, punguza moto, robo saa mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Sukari, iliki kidogo.

4. Hii hatua msiiruke. Naamka saa kumi na moja alfajiri, naweka simu spika nampigia mama, kwake ni saa nane mchana kashakula kajilaza, mi nakoroga yeye ananipa habari za majirani, hata sijibu sana. Nakunywa kwenye kikombe cha bati nilichokuja nacho, unaobaki naujaza kwenye chupa ya chai, twende kazini.

MASWALI

Mdau wa Ohio: Wangu una mabonge kila siku, nakosea wapi?
Jibu: Unatia unga mkavu kwenye maji ya moto wewe. Lazima uwe umekorogwa na maji ya baridi au ya vuguvugu kwanza.

Dada wa Toronto: Wanangu wanasema una rangi ya matope hawaugusi.
Jibu: Hahaha wangu pia. Tia siagi ya karanga kijiko kimoja, usiwabembeleze, kunywa mbele yao.

Mdau mpya: Naweza kuwasha jiko la mkaa ndani ili nipate na joto?
Jibu: HAPANA kaka yangu. Moshi usiouona ndo unaoua, ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, watu wanalala hawaamki. Hata ukifungua dirisha, hapana.

Mdau wa Ohio: Na ndimu unaweka saa ngapi?
Jibu: Ukishaepua. Mama akisikia nimeikamulia uji ukiwa bado motoni anakata simu.